Filimu Inaanza kwenye Karatasi

Siku hizi vijana wa parokia zetu wanapiga filimu. Zamani kazi hiyo ilihitaji vyombo vya bei kali. Leo simu moja ya mkononi inapiga picha na kushika sauti. Wanafunzi wa sekondari, wanakwaya, vijana wa Xaveri, kila kikundi kinataka kuonyesha mchezo wake: maisha ya mtakatifu, ubaya wa ulevi, ugomvi wa mahari, wivu wa majirani. Ni jambo jema. Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pio XII, katika barua yake Miranda prorsus juu ya sinema, redio na televisheni, alifundisha kwamba vyombo hivyo, ingawa vimetokana na akili na bidii ya watu, ni zawadi za Mungu Muumba. Zawadi hutumiwa, haifukiwi ardhini.

Lakini tuseme ukweli. Mara nyingi kazi hiyo hufa njiani. Kiongozi ana filimu nzima kichwani mwake, wenzake hawaioni. Siku ya kupiga picha inafika: huyu amesimama kushoto, kumbe alitakiwa kulia, yule amevaa shati jekundu, na Jumapili iliyopita alivaa jeupe, mwenye simu anauliza asimame wapi, naye anajibiwa kwa ukali. Jua linashuka, moto wa simu umekwisha, chakula kilichonunuliwa kwa mchango kimeliwa. Jumapili inayofuata nusu ya kikundi hawarudi. Hapo watu husema: vijana hawa hawana bidii. Sivyo. Bidii walikuwa nayo; walichokosa ni daftari. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, leo tutazame filimu moja kubwa iliyopigwa na watu ambao wengi wao walikuwa wakijifunza kazi, tena maskini wa fedha. Tutazame hasa karatasi zilizoitangulia. Filimu hiyo ni Pather Panchali ya Satyajit Ray, mtu wa Bengal katika Uhindi. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1955.

Ubao wa picha ni nini?

Watengenezaji wa filimu wana desturi ya kuchora hadithi yao kabla ya kuipiga. Huchora vyumba vidogo, kama vile vya katuni za gazetini. Kila chumba ni picha moja itakayoonekana: mama amesimama mlangoni; mtoto anachungulia nyuma ya mti; mkono unaweka sarafu mezani. Chini ya mchoro huandikwa maneno machache: nani anasema, kamera iko karibu au mbali, sauti gani inasikika. Michoro hiyo ikipangwa kwa mfuatano, mtu anaweza kuisoma filimu yote kabla haijapigwa. Sisi tuuite mpango huo ubao wa picha.

Desturi hii ilipata umbo lake huko Marekani, katika nyumba ya Walt Disney, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wachoraji wa huko waliibandika michoro yao ukutani kwa pini, karatasi moja moja. Filimu yao fupi ya nguruwe wadogo watatu, ya mwaka 1933, ni mojawapo ya zile za kwanza zilizopangwa hivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Angalieni vema kazi iliyofanywa na pini ile. Mchoro uliofungwa ndani ya daftari huonwa na mwenye daftari. Mchoro ulio ukutani huonwa na wote. Na kwa kuwa umeshikwa na pini tu, huweza kuhamishwa au kuondolewa pasipo kuharibu mingine.

Mchoraji na wenzake

Satyajit Ray hakutoka katika nyumba za sinema. Alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara huko Calcutta, mji unaoitwa leo Kolkata. Mwaka 1944 alichora picha za kitabu kimoja cha watoto, kilichofupishwa kutoka katika hadithi ndefu ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay. Ni hadithi ya familia maskini ya kijijini: baba Harihar, mama Sarbajaya, binti Durga, mdogo wake Apu, na shangazi mmoja mzee sana. Hadithi hiyo ikamkaa moyoni. Mwaka 1950, alipokuwa London kwa kazi yake, alitazama filimu ya wezi wa baisikeli ya Mwitaliano Vittorio De Sica, iliyopigwa barabarani na watu wasio wachezaji wa kazi. Akakata shauri kufanya vivyo hivyo kwao.

Hakuandika mchezo kamili wenye kurasa nyingi. Alikuwa na maandishi machache na daftari la michoro ya wino. Alilichukua daftari hilo kwa wenye fedha, mmoja baada ya mwingine, akawaonyesha filimu yake ikiwa bado karatasi. Hakuna aliyekubali. Basi alianza na akiba yake mwenyewe, na vito vya mke wake vikawekwa rehani.

Watazameni na wenzake. Mpiga picha, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa amewahi kushika kamera ya sinema. Mtoto Subir Banerjee, aliyekuwa Apu, hakuwa amewahi kucheza katika filimu. Bibi Chunibala Devi, aliyekuwa shangazi, alikuwa na umri wa karibu miaka 80. Kwanza walipiga picha siku za mapumziko tu, kwa sababu Ray alikuwa bado mfanyakazi wa kampuni yake. Walianza mwezi wa Oktoba 1952. Fedha zikaisha, kazi ikasimama kwa miezi mingi, ikaanza, ikasimama tena, hata serikali ya jimbo la West Bengal ilipotoa msaada. Hapo ndipo filimu ikamalizika mwaka 1955.

Sasa tuulize: vipande vilivyopigwa mbali mbali, kwa muda wa karibu miaka mitatu, vimewezaje kuwa filimu moja iliyo laini kama mto? Wengi wanaisifu kwa huruma yake, na kwa muziki wa Ravi Shankar, nao wana haki. Lakini huruma haiunganishi vipande. Vipande viliungana kwa sababu mpango wake ulikuwa umekwisha kuonwa mapema, picha baada ya picha.

Muuza vitamu

Kuna sehemu moja ambayo kila mtazamaji huikumbuka. Muuza vitamu anapita kijijini na mizigo yake miwili kwenye mti begani. Durga na Apu hawana fedha, lakini wanamfuata hadi nyumba ya jirani tajiri. Nyuma yao anafuata mbwa. Wote wanapita kandokando ya ziwa dogo, na ndani ya maji tunaona vivuli vyao vikitembea kichwa chini. Hakuna anayesema kwamba watoto hawa ni maskini. Mtu mnene, watoto wawili na mbwa mmoja, wakifuatana kwa mstari: macho yamekwisha kuelewa.

Mchezaji aliyekuwa muuza vitamu alikufa kabla sehemu yake haijakwisha. Ikawalazimu kumtafuta mwingine mwenye umbo kama lake. Katika picha moja yule wa kwanza anatokea kwenye mianzi, tunamwona uso. Katika picha inayofuata yule wa pili anaingia mlango wa jirani, tunamwona mgongo. Mtazamaji hatambui kitu. Mbwa wa kijiji naye alikufa kabla kazi yake haijaisha, akatafutwa wa kufanana naye. Kikundi kisichokuwa na mpango kingefanya nini? Kingeanza upya, au kingevunjika. Hawa walijua kwamba kilichobaki ni picha ya mtu anayeingia mlangoni. Walijua ukubwa wa pengo lao, ndiyo sababu waliweza kuliziba.

Tena tazama mkanda wa shanga. Mwanzoni Durga anashtakiwa kuwa ameiba mkanda wa binti wa jirani. Anakana, mama yake anampiga. Baadaye Durga anakufa kwa homa, baada ya mvua kubwa. Familia inafungasha vitu ili kuhama. Apu anashusha kifuu cha nazi kutoka juu, na ndani yake mkanda uleule! Anakimbia, anautupa ziwani. Majani ya maji yanafunguka, kisha yanafunga polepole. Basi. Hakusema neno hata moja, nasi tumejua kwamba mtoto yule amefunika kosa la dada yake milele.

Wanafunzi wajaribu kuichora sehemu hiyo kwa penseli. Vyumba sita vinatosha: mkono wa Apu juu, kifuu, mkanda, Apu anakimbia, maji yanaruka, majani yanafunga. Kisha waondoe kimoja, waone kama maana inabaki. Wakiondoa kile cha mwisho, inabaki habari ya mtoto aliyetupa kitu majini tu. Hilo ndilo somo lenyewe la ubao wa picha: linatulazimisha kuuliza mtu ataona nini, kabla ya kuuliza sisi tutasema nini.

Mahali karatasi iliposhindwa

Hatutaki msomaji afikiri kwamba michoro ni dawa ya kila ugonjwa. Siku ya kwanza kabisa Ray alianza na sehemu ambayo Durga na Apu wanakwenda katika uwanja wa manyasi marefu yenye maua meupe, kisha wanaona gari moshi. Walipiga nusu ya sehemu hiyo. Jumapili iliyofuata walirudi na kamera yao, maua hayakuwapo. Ng'ombe walikuwa wameyala yote. Wakangoja mwaka mzima hadi maua yachanue tena.

Siku ile ile ya kwanza kulikuwa na shida nyingine. Mchoro huweza kusema: mtoto anatembea akimtafuta dada yake. Lakini Subir alitembea kama askari, miguu ikinyooka, macho mbele. Mchoro hauwezi kumfundisha mtoto kutembea. Ray aliweka vijiti njiani ili mtoto avikwepe, akawaficha wasaidizi ndani ya manyasi, huyu upande huu, yule upande ule, wamwite kwa zamu. Mtoto akageuza kichwa huku na huku, naye akawa mtoto anayemtafuta dada yake.

Tuone hapo uhusiano ulio sawa kati ya karatasi na kazi. Kwa kuwa shabaha ya picha ilikuwa imejulikana, mwongozaji hakuwa na haja ya kupoteza saa akitafuta maana. Aliweza kutumia akili yake yote kwa miguu ya mtoto mmoja. Na wasaidizi waliojificha walifanya kazi kubwa, ingawa hakuna atakayewaona. Anayeng'ang'ania mchoro wakati ng'ombe wamekwisha kula maua ni mpumbavu. Anayetoka nyumbani bila mchoro, hata maua yakiwapo, hajui ayafanyie nini.

Upungufu wa mfano huu

Wasifu wa Ray wanapenda kusimulia daftari lake kana kwamba kila kiongozi wa kikundi ajifungie chumbani, achore, kisha atoke na amri. Hapa mimi siwafuati. Daftari la Ray ni kazi ya mkono mmoja, mkono wa mchoraji aliyefundishwa. Alilitoa kwa nyumba ya kutunza filimu huko Paris, Cinémathèque, na mwaka 2016 michoro yake ilichapwa kuwa kitabu. Atakayeyatazama macho na vivuli vile atakiri kwamba hatuna wachoraji wa namna hiyo katika kila parokia. Kikundi cha wanafunzi kikimwiga Ray katika jambo hilo tu, kitapata mkubwa mmoja na watumishi wengi. Watakaa kimya wakati wa kuchora, watalalamika wakati wa kupiga picha.

Kwa wanafunzi ukuta wa pini unafaa kuliko daftari. Mchoro wa vijiti na vichwa vya duara unatosha. Tena mchoro mbaya una faida yake: hakuna anayeogopa kuusahihisha. Mbele ya picha nzuri watu husifu na kunyamaza, mbele ya vijiti, msichana aliyeketi nyuma atasema, "Lakini mama huyu ameingiaje, nasi hatukuona mlango?" Neno hilo likisemwa mbele ya ukuta, gharama yake ni karatasi moja. Likisemwa siku ya kupiga picha, gharama yake ni mchana mzima na moyo wa mtu. Likisemwa filimu ikionyeshwa katika sala ya parokia, hakuna tena dawa.

Filimu nyingine ya mwaka ule ule

Tuipime na filimu iliyo karibu zaidi nasi kwa damu. Mwaka ule ule wa 1955 wanafunzi Waafrika na wenzao walipiga huko Paris Afrique-sur-Seine, filimu ya dakika 21. Kikundi chao kilikuwa na Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Porto-Novo, aliyesoma kazi ya sinema katika masomo ya IDHEC, pamoja na Mamadou Sarr, Jacques Mélo Kane na Robert Caristan. Amri ya Ufaransa ya mwaka 1934, iliyoitwa kwa jina la waziri Laval, ilizuia mtu kupiga filimu katika makoloni pasipo ruhusa ya serikali. Basi waliigeuza kamera, wakapiga picha za Waafrika waishio Paris: barabarani, mikahawani, mitaa ya wanafunzi.

Filimu hiyo ina heshima kubwa. Ni kazi ya kikundi kweli, tena ni mojawapo ya filimu za kwanza kabisa zilizoongozwa na watu weusi wa Afrika. Lakini tukiwapenda ndugu zetu tuwapime sawasawa. Katika Afrique-sur-Seine sauti ya msimulizi ndiyo inayovuta, picha zinafuata. Ziba masikio: watu wanatembea, wanakaa, wanatazamana, nawe hujui kwa nini huyu ametangulia na yule amefuata. Katika Pather Panchali ziba masikio, nayo majani ya ziwa bado yanafunga. Tofauti hii haitokani na akili wala na rangi, hata fedha si sababu yote. Ile moja inaongozwa na fikara iliyosemwa, hii nyingine inaongozwa na fikara iliyochorwa.

Filimu za vikundi vyetu zina kasoro hiyo hiyo, mara kumi zaidi. Mlevi anaanguka, halafu katekista anatokea na kuhubiri kwa dakika nane. Kuhubiri ni kazi takatifu, lakini mahali pake ni kanisani. Ndani ya filimu, viatu vya mtoto vilivyouzwa ili kununua pombe vinahubiri vizuri zaidi.

Na tukumbuke historia yetu. Katika miaka ya 1950 mapadri wamisionari walipiga filimu nyingi hapa Kongo. Huko Kasai Padri Albert Van Haelst wa Scheut aliwachekesha watu wengi kwa michezo ya Matamata na Pilipili. Wachezaji walikuwa Wakongo, lakini padri ndiye aliyeongoza. Leo kalamu iko mikononi mwa vijana wetu. Itakuwa aibu kama kila kikundi kitamweka kijana mmoja mahali pa padri yule, na wengine wote wabaki kungoja kuambiwa wasimame wapi.

Shauri kwa vikundi

Kabla ya kushika simu, kikundi kikutane mara tatu mbele ya ukuta. Mara ya kwanza hadithi isimuliwe kwa sauti, na kila mmoja achore picha tatu anazoziona yeye, hata asiyejua kuchora. Mara ya pili karatasi zote zibandikwe, zipangwe, na zile zinazorudia jambo moja zitolewe. Mwenye karatasi iliyotolewa asinune. Mara ya tatu mtu mmoja asiyeijua hadithi aitwe, mama wa parokia au mtoto wa ekaristi, aisome michoro kimya, kisha aseme ameelewa nini. Akisema jambo tofauti na shabaha yao, wasimlaumu. Warudi kwenye penseli. Mwisho mwongozaji achaguliwe na asikilizwe, kwa maana siku ya kazi sauti ziwe moja. Lakini atakuwa anaagiza jambo ambalo wote wamekwisha kuliona.

Bwana wetu alisema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi tu na kuchekwa na wapitao. Kuketi huko kunawachosha vijana. Wanataka kuona sura zao kwenye simu upesi. Lakini faranga za mchango zilitoka kwa wajane na wauza mihogo, nao wana haki ya kuona mnara uliokwisha.

Juu ya Pather Panchali yenyewe: ilipata tuzo huko Cannes mwaka 1956 kwa namna ilivyoonyesha maisha ya binadamu, na ofisi ya Kikatoliki ya sinema, OCIC, iliitaja kwa heshima. Watu wake ni Wahindu, lakini mzazi yeyote wa Bukavu au Lubumbashi atawatambua mama anayeficha njaa yake na baba anayechelewa kurudi na zawadi. Umaskini umeonyeshwa pasipo kuwadharau maskini. Tunawashauri walimu na viongozi wa vijana waionyeshe, kisha siku ya pili wagawe karatasi na penseli.

Daraja: yafaa kwa watu wote. Watoto wadogo waitazame pamoja na wazazi, kwa sababu ya vifo viwili vilivyomo.